Dada kapasuliwa uzazi, siku ya tisa mshono umeachia. Hospitali wanasema ni nyumbani, sisi tunasema ni thieta. Nani mkweli?

#1 FundiBomba
Wakuu salaam. Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji kwenye hospitali moja ya wilaya (jina naliacha). Alikaa wodini siku tatu, akaruhusiwa anatembea mwenyewe, mtoto mzima. Siku ya saba mshono ukavimba, siku ya nane usaha, siku ya tisa umeachia upande mmoja. Tumemrudisha. Daktari wa zamu akafunua, akaguna, swali lake la kwanza: "Huko nyumbani mlikuwa mnamfanyia nini?" Utadhani sisi ndio tulioshika kisu.

Hoja yangu ni moja. Mtu kaingia mzima, kachanwa kwao, kashonwa kwao, kaoza. Vijidudu kavitoa wapi kama si thieta?

#2 Kigoda_Cha_Mbele
Pole sana mkuu. Mimi nimekaa hapa na karanga zangu, waje wenye makoti meupe.

#3 SistaMstaafu
Pole mwanangu. Nimekuwa nesi miaka 31, mingi wodi ya wazazi. Kabla hatujamfunga mtu, nijibu: chupa ilipasuka saa ngapi na kisu kiliingia saa ngapi? Nani alimnyoa, na kwa nini? Sukari yake ilipimwa? Na nyumbani, alikandwa?

#4 FundiBomba
Sista shikamoo. Chupa ilipasuka usiku kama saa nne, kapasuliwa kesho yake alasiri. Kunyolewa alinyolewa nyumbani na shangazi, kwa wembe, tuliambiwa aende "msafi". Sukari sijui. Kukandwa... bibi alikuja kutoka Korogwe, akamkanda siku ya nne na ya tano. Maji ya moto na kipande cha kanga.

#5 Dalali_wa_Temeke
Kesi imekwisha. Mshtakiwa namba moja ni bibi.

#6 FundiBomba
@Dalali bibi yangu kakanda wazazi kijiji kizima, hajawahi kuozesha mtu. Muache.

#7 SistaMstaafu
Marahaba. Bibi tumuweke kando kwanza. Mimi naanza na ule wembe. Wembe unachubua ngozi michubuko ambayo jicho halioni, na usiku mzima vijidudu vya kwenye ngozi vinajijengea humo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 umesema wazi: usinyoe mgonjwa wa upasuaji, nywele zikizuia kazi, zipunguzwe kwa mashine ya kukatia. Sisi wenyewe zamani tulinyoa kila mtu, tena tukijisifu. Kwa hiyo aliyewaambia "aje msafi" bila kueleza maana yake, kosa lipo kwake pia.

La pili, chupa ikikaa imepasuka saa nyingi na mama anapimwa njia mara kwa mara, vijidudu vinapanda juu hata kabla daktari hajavaa glovu. Mama wa namna hiyo mshono wake ni wa hatari tangu mwanzo.

Na hiyo ya "alitoka mzima" haimsafishi mtu. Maambukizi ya mshono yanahesabiwa hadi siku ya 30. Mengi ya upasuaji wa uzazi hujitokeza mama akiwa ameshafika kwake.

#8 WakiliWaMtaa
Sista kwa heshima zote, unawakingia kifua wenzako kijanja. Wembe wa shangazi, chupa, kanga ya bibi, kila kitu isipokuwa mikono ya daktari! Utafiti ulishafanyika hospitali ya Bugando, Mwanza: kati ya akina mama 100 waliopasuliwa, 26 mishono ilioza. Hao nao wote walinyolewa na shangazi?

#9 Hadubini
Mkuu #8, umechanganya. Mimi ni mtu wa maabara, ule utafiti naujua. Ulichapishwa 2011, wagonjwa walikuwa 250 wa upasuaji mkubwa kwa ujumla, si wazazi peke yao. Asilimia 26 ndiyo. Lakini huwezi kuichukua ukaibandika kwenye wodi ya wazazi ya wilaya.

Ukitaka picha pana, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022: kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, nchi tajiri 7 wanapata maambukizi wakiwa hospitali, nchi kama zetu ni 15. Yaani hata huko kwenye pesa hawajaimaliza.

#10 WakiliWaMtaa
Sawa nimekubali sahihisho. Lakini 15 ni zaidi ya mara mbili ya 7. Hiyo tofauti ni shangazi?

#11 Kigoda_Cha_Mbele
Karanga zimeisha, naagiza nyingine.

#12 MamaZahra_Mvita
Niseme ya Mombasa. Kwetu mzazi hukandwa siku arubaini na hakuna mtu anayeuliza. Lakini aliyepasuliwa ana mkandaji wake: hukandwa mgongo, miguu na mabega, tumbo halifikiwi mpaka kidonda kifunge. Mimi nina watoto watatu, wawili wa kisu. Bibi alimkanda wapi? Na kile kipande cha kanga kilichochovywa kwenye maji siku ya nne, siku ya tano kilikuwa kimeanikwa juani au kimekunjwa chini ya ndoo?

#13 FundiBomba
@MamaZahra nimempigia shangazi sasa hivi. Anasema bibi alipita "juu juu" tumboni. Kanga hajibu.

#14 Dalali_wa_Temeke
Hajibu 😂😂 Mheshimiwa hakimu, naomba iingizwe kwenye kumbukumbu.

#15 MtuWaMvuke
Naunga tela. Nafanya kazi chumba cha kutakasia vifaa, hospitali ya mkoa. Mnabishana kuhusu wembe na kanga, hakuna aliyeuliza mkasi ulipita wapi.

Kifaa kikitoka kwa mgonjwa kinatakiwa kioshwe kwa maji, sabuni na brashi, viungo vyote vifunguliwe, ndipo kiende kwenye otoklevu, ile mashine ya kutakasa kwa mvuke. Nyuzi 121 dakika 20 kikiwa wazi, 30 kikiwa kimefungwa kwenye kitambaa. Sasa umeme unakatika dakika ya 12. Unaporudi, mwingine anaanza upya, mwingine anaona "si kilishapata moto". Mzazi anasubiri, daktari anagonga mlango. Mimi nimeshawahi kukataa kutoa seti, nikaitwa mkaidi mbele ya watu.

Kuna utepe unabandikwa juu ya kifurushi, mistari yake inageuka rangi ukipata joto. Watu wanauamini kama hirizi. Unakuambia kifurushi kimepita kwenye joto. Kwamba ndani kumeiva, haukuambii.

#16 SistaMstaafu
Hapo umesema kweli. Ila sisi tulikuwa na ulinzi wa kwanza: kila kifaa kinaloweshwa kwenye maji ya Jik dakika kumi kabla ya kuoshwa. Jik moja, maji sita, hapo unapata klorini ya asilimia 0.5. Ndoo tatu zimepangwa. Siku hizi vijana naona wameacha, halafu tunashangaa.

#17 MtuWaMvuke
Sista, hapo naomba nitofautiane na wewe. Mafunzo ya sasa yameondoa ile ndoo ya kwanza. Klorini ikikutana na damu inachoka haraka, kwa hiyo kifaa chenye damu kinaloana tu, hakitakasiki. Chuma kinaliwa na kutu, na kwenye kutu ndiko uchafu unakojificha. Mwongozo wa kimataifa wa 2016 wa kutakasa vifaa unasema osha kwanza, anayeosha avae glovu nzito, aproni na kinga ya uso. Ile ndoo ilikuwa inampa moyo muoshaji.

#18 SistaMstaafu
Nilifundisha ile ndoo miaka 20. Na moyo wa muoshaji si kitu kidogo, mwanangu. Miaka ile ya tisini, Ukimwi umepamba moto, glovu nzito hakuna, ungeosha mkasi wenye damu kwa mikono yako bila ile ndoo?

#19 MtuWaMvuke
Nisingeosha. Hapo umenishika.

#20 MsomiWaVijiweni
Yote haya ni marefu. Jibu ni mikono. Yule daktari Mwingereza Semmelweis alishamaliza ubishi 1847: akawaambia madaktari wanawe mikono, vifo vya wazazi vikaporomoka.

#21 Hadubini
Mhungaria, mkuu, na ilikuwa Vienna. Ila kisa chenyewe kinafaa hapa. Kulikuwa na wodi mbili za wazazi, moja ya madaktari na wanafunzi wao, nyingine ya wakunga. Ya madaktari ndiyo iliyokuwa inaua zaidi, wanawake walilia wasipelekwe huko. Sababu: madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kumpima mzazi. Akawalazimisha wanawe kwa maji ya klorini, vifo vikashuka kutoka kama 10 kwa mia mpaka karibu 2.

Ubishi hakuumaliza. Wakubwa zake hawakumuelewa, 1849 hakuongezewa mkataba, na 1865 alifia kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili.

#22 Dalali_wa_Temeke
Yaani kosa lake ni kumwambia daktari anawe 😂 Hata leo jaribu wodini uone utakavyoangaliwa.

#23 Nesi_Ughaibuni
Niko Leeds, nesi pia. Hapa tangu 2008 hivi ukiingia wodini mikono iwe wazi chini ya kiwiko. Hakuna saa, koti refu, kucha za bandia, pete yenye jiwe. Hata profesa anakunja mikono. Mgonjwa wa upasuaji wa kupangwa anapitishwa pamba puani kabla, akikutwa na stafilo sugu (kijidudu kisichosikia dawa nyingi) anapewa dawa ya kupaka puani na sabuni maalumu ya kuogea. Dawa ya kusugua mikono ipo miguuni mwa kila kitanda. Sekunde 20 hadi 30, imekauka, unamgusa mgonjwa.

Nilipokuja likizo nikaenda kumuona mjomba wodini. Kijana mmoja kapima wagonjwa watatu kwa glovu zilezile. Nikamuuliza kwa upole, akanijibu "mama, nimevaa glovu". Kwake glovu ni kinga yake yeye.

#24 NesiWaZamu
Dada wa Leeds karibu nyumbani. Usiku wa jana tulikuwa wawili, wagonjwa 43, wengine wawili wawili kitandani. Nyakati za kunawa ni tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi kama kuweka kanula ya dripu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, baada ya kugusa vilivyomzunguka. Nazijua kwa kichwa, bango lipo ukutani, mimi ndiye niliyelibandika. Sasa zidisha tano kwa 43, halafu bomba halitoi maji tangu saa mbili usiku. Tuna ndoo ya bomba pale mlangoni na kipande cha sabuni kinachoogelea kwenye kisahani. Ile sabuni yenyewe nadhani ina wodi yake ya vijidudu.

Sijitetei. Nasema tu hesabu.

#25 MamaZahra_Mvita
Sabuni ikatwe vipande vidogo na kisahani kitobolewe maji yatoke. Hilo halihitaji bajeti ya wizara.

#26 NesiWaZamu
Kweli. Kesho natafuta msumari.

#27 WakiliWaMtaa
@FundiBomba wewe ni fundi, ulipokuwa wodini hukuangalia masinki?

#28 FundiBomba
Niliangalia, jicho la kazi halilali. Wodi nzima masinki mawili. Moja limefungwa kwa mfuko wa plastiki, la pili bomba lake ni la kukaza kwa vidole. Yaani unafungua na mkono mchafu, unanawa, unafunga kwa kushika uchafu wako mwenyewe. Bomba la kiwiko ndilo la hospitali, bei haitishi. Lile lililofungwa nililichungulia chini: washa, ule mpira wa ndani ya bomba, imekufa tu. Kazi ya nusu saa. Nilitamani kumuomba sista niitengeneze nikaogopa kuulizwa barua.

#29 Kigoda_Cha_Mbele
Washa ya bomba imeozesha mshono. Hii nayo iandikwe.

#30 Papa_Goma
Jambo wote. Kwetu Kongo tumelipa bei kubwa kwa mambo ya hospitali. Yambuku mwaka 1976, Ebola ya kwanza: hospitali ya misheni ilikuwa inatoa sindano tano tu kila asubuhi kwa ajili ya wagonjwa wa kutwa nzima, wanasuuza na kuendelea. Watu 318 waliugua, 280 walikufa. Kilichosaidia sana kuuzima ule moto ni hospitali kufungwa. Sindano ya kutumia mara moja tunaiona ya kawaida leo, lakini ilikuja juu ya makaburi.

#31 Mhaya_Original
@Papa_Goma hata kwetu Kagera 2023, ugonjwa wa Marburg, ndugu wa Ebola, wagonjwa 9 na vifo 6, na watumishi wa afya walikuwemo kati ya walioambukizwa. Rwanda 2024 walikuwa 66 na sehemu kubwa ni watumishi. Tunawasema manesi lakini wao ndio wanaotangulia kudondoka.

#32 BabuWaMadirisha
Nyie mnasahau hewa. Zile hospitali za mkoloni zilikuwa na madirisha makubwa na dari juu kabisa. Leo tunajenga vijumba vya vioo na feni. Lima kule Peru walipima, wodi za zamani zenye dari refu zilibadilisha hewa vizuri kuliko majengo mapya.

#33 Hadubini
Babu hilo ni kweli kwa kifua kikuu, fungueni madirisha jamani. Ila mshono wa huyu binti haujaozeshwa na hewa ya wodi. Usituhamishe uzi.

#34 BabuWaMadirisha
Nyie mmetoka Korogwe mkapita Vienna, mimi Lima ndiyo nimewahamisha?

#35 NesiWaZamu
Hakuna anayetaja wageni. Saa kumi jioni kengele ikilia wanaingia kama stendi ya Magufuli. Mzazi mmoja watu tisa. Wanakaa kitandani kwa mgonjwa, mtoto anapokezanwa kama sadaka, mmoja anakohoa, mwingine anafunua bandeji "nione kidonda". Ukiwatoa wewe ni nesi mwenye roho mbaya.

#36 WakiliWaMtaa
Na hao ndugu wasipokuja nani anamlisha, anamgeuza na kumfulia mgonjwa? Nyie wawili kwa 43?

#37 Nesi_Ughaibuni
Wote mna haki. Korea Kusini 2015 wana mila hiyohiyo, ndugu wanalala wodini kumhudumia mgonjwa wao. Msafiri mmoja akarudi na virusi vya MERS kutoka nchi za Ghuba, akazunguka hospitali kadhaa. Wakafika wagonjwa 186, vifo 38, na wengi waliambukizwa humohumo hospitalini: wagonjwa wenzake, ndugu, watumishi. Nchi yenye pesa na mashine zote.

#38 Duka_la_Dawa
Nisaidieni kitu kimoja. @FundiBomba, aliruhusiwa na dawa gani? Na ile sindano ya antibiotiki alichomwa kabla ya kisu au baada?

#39 FundiBomba
Vidonge vya siku saba, kamaliza vyote. Sindano anakumbuka alichomwa akiwa amerudi wodini.

#40 Duka_la_Dawa
Basi mimi mshtakiwa wangu nimempata. Dozi ya kinga inatakiwa iwe kwenye damu wakati kisu kinaingia. Mwongozo unasema ndani ya dakika 120 kabla ya kuchana, na upasuaji ukiisha hakuna haja ya kuendelea. Sisi tunafanya kinyume: kabla hakuna, baada wiki nzima. Vidonge vya siku saba havifukuzi kitu kilichoshaingia saa ya kwanza, vinabakiza vile visivyosikia dawa. Thika, Kenya, waliligeuza hilo, sindano kabla ya kisu badala ya mlolongo wa baadaye, na maambukizi ya juu juu ya mishono yakapungua.

#41 SistaMstaafu
Anakumbuka alichomwa wodini. Ya kabla ya kisu hupitishwa kwenye mrija wa dripu, mama yuko kwenye ganzi na hofu, hawezi kukumbuka. Usihukumu kabla hujaona faili.

#42 Duka_la_Dawa
Haya, faili liko wapi?

#43 FundiBomba
Faili tumeambiwa ni mali ya hospitali.

#44 Dalali_wa_Temeke
Bibi ameachiwa kwa dhamana.

#45 FundiBomba
Wakuu, mrejesho. Siku nne zimepita. Wamefungua kidonda, wanasafisha kila siku, homa imeshuka. Nilisisitiza usaha upelekwe maabara kuoteshwa kama alivyonishauri @Hadubini pembeni. Majibu: *Staphylococcus aureus*. Dawa mbili haisikii, mbili inasikia. Sukari imepimwa, iko sawa. Damu ilikuwa ndogo tangu klinik, hilo hatukuambiwa.

Haya wataalamu. Huyo stafilo ni wa nani?

#46 WakiliWaMtaa
Wa thieta. Nilisema.

#47 Hadubini
Taratibu. Huyo anaishi puani kwa karibu mtu mmoja kati ya watatu, wazima kabisa. Anaweza kutoka puani kwa mdogo wako, kwa daktari, kwa nesi aliyebadilisha bandeji, kwa shangazi, kwa bibi. Kusikia au kutosikia dawa mbili hakumtaji mwenyewe. Ningeotesha vijidudu vya wote hao na kulinganisha vinasaba ningeweza kubahatisha. Hakuna maabara ya wilaya itakayokufanyia hivyo.

#48 MtuWaMvuke
Kwa sehemu inanisafisha mimi. Otoklevu iliyofeli huwa inaharibu zaidi ya mmoja. Uliza kama wazazi wengine wa siku ile nao wameoza.

#49 NesiWaZamu
Hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu, na hospitali nyingi hazina daftari la kulijibu. Akiruhusiwa tumemaliza naye. Kidonda kikifumuka wanaenda zahanati ya karibu au duka la dawa, sisi tunabaki tunajiona tuko salama.

#50 FundiBomba
Kitanda cha pembeni kuna dada wa Muheza, kapasuliwa siku moja na mdogo wangu, mshono wake umefunga safi. Naye alikandwa. Ila hakunyolewa.

#51 Kigoda_Cha_Mbele
Ooooh.

#52 Duka_la_Dawa
Na sindano yake alichomwa lini?

#53 FundiBomba
Hakumbuki.

Halafu nimepata mwaliko. Sista wa wodi kasikia mimi ni fundi, kaniomba niliangalie lile sinki. Barua hakuniuliza, kaniuliza kama nina washa. Naenda Jumamosi, na bomba la kiwiko natafuta la mtumba.

#54 SistaMstaafu
Mungu akubariki. Na ukimaliza, nawa mikono.

#55 FundiBomba
😂 Sawa sista. Sasa tatizo jipya: akiruhusiwa wiki ijayo ukoo mzima wa upande wa mume unakuja kumuona mtoto, basi dogo limeshakodiwa kutoka Handeni. Nitawazuiaje bila kuvunja ndoa ya watu?

#56 MamaZahra_Mvita
Weka ndoo ya bomba na sabuni mlangoni, mtoe mtoto nje ukumbini aonwe, mama alale ndani mlango ufungwe. Waambie amelala.

#57 Dalali_wa_Temeke
Na pale kwenye ndoo msimamishe bibi.